Fundi wa Mzee Mbise

Lemara, Arusha
4 Februari 2025

Shikamoo Mzee Mbise,

Hatujawahi kuonana. Naitwa Evaresta Temu, na tangu mwezi uliopita mimi ndiye niliyekalia kiti chako hapa ofisini. Mkuu wetu Solomoni amenikabidhi programu ya kina mama, ile uliyoiunda kwa ajili ya wahudumu wa afya wanaozunguka vijiji vya mlimani kuwafuatilia wajawazito. Nimeisoma yote. Nilitegemea kukuta vurugu, maana ni kazi ya mtu mmoja na ya miaka mingi, lakini nimekuta kama nyumba iliyofagiliwa asubuhi.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Ndani ya mradi umeweka fundi. Sijui enzi zako mlimwitaje. Sisi vijana hapa tunaiita fundi ile programu ya kujengea, inayochukua maandishi yetu na kuyageuza kuwa faili la kuweka kwenye simu. Kwa kawaida kila mtu ana fundi wake kwenye kompyuta yake, na likitoka toleo jipya anambadilisha. Wewe umemfungia mmoja humo humo ndani, mzima mzima, toleo la zamani sana, na ukaagiza mradi usijengwe na mwingine. Anakula nafasi, na kompyuta inaweza kukaa inahema wakati yeye anajenga kitu ambacho fundi wa leo anakimaliza kabla sijainua kikombe.

Nadhani ulimweka kwa muda ukasahau kumtoa. Naomba ruhusa nimwondoe. Kama kuna sababu nisiyoiona, nieleze tafadhali, nitasikiliza.

Solomoni anasema umerudi Mulala kulima kahawa. Nasi kwetu Kilema tuna kahawa kidogo, ya bibi, kwa hiyo najua kwamba huna muda wa kuchezea. Salamu kwa Mama.

Evaresta Temu


Lemara
19 Februari 2025

Shikamoo Mzee,

Sijapata jibu lako na simu yako haipatikani. Nimeona nisikusumbue tena. Leo nimemtoa yule fundi na kuweka utaratibu wa kawaida, kila mtu ajenge na toleo jipya alilonalo. Nimejaribu programu kwenye simu ya hapa ofisini: nimeandikisha mama wa kubuni, nimefunga, nimefungua, jina lake lipo, tarehe ya kliniki ipo. Inafunguka haraka kuliko zamani.

Solomoni alicheka nilipomwambia. Akasema, "Mbise ndivyo alivyo, hamwamini mtu. Hata chai alikuwa anakuja nayo kwenye chupa yake." Natumaini si kweli kwamba ulimfungia fundi mle kwa sababu hukutuamini tutakaokuja. Lakini kama ni kweli, napenda kujua.

Evaresta


Mulala, Meru
3 Machi 2025

Ndugu Evaresta Temu,

Salamu. Barua zako mbili nimezipata kwa pamoja na kwa kuchelewa. Naomba radhi.

Fundi aliyekuwemo ndani ya mradi hakusahauliwa. Aliwekwa kwa makusudi. Naomba umrudishe, toleo lile lile, kabla hujajenga chochote cha kupelekwa kwa wahudumu. Programu ile imejengwa na huyo tangu alipowekwa, na mwingine anaweza kujenga kitu kinachofanana nayo kwa nje tu.

Nakutakia kazi njema.

Yoeli Mbise


Lemara
6 Machi 2025

Shikamoo Mzee,

Nashukuru kwa jibu. Nitakuwa mkweli, limeniumiza kidogo. Solomoni alishanionyesha barua zako za zamani za hapa ofisini. Huanzi sentensi kwa herufi kubwa, nukta huna habari nazo, na kila mistari miwili kuna utani. Ya kwangu imekuja kama imetoka kwa mwanasheria, kila koma mahali pake. Nimeelewa kwamba umekasirika na hutaki mazoea.

Lakini barua yako imenipa amri bila sababu. Kwamba kitu kitafanana kwa nje tu, nimekijaribu na nimeona kinafanya kazi. Toleo jipya limeshaanza kwenda kwa wahudumu. Waliobaki watawekewa kwenye mkutano wao wa zahanati, maana wa vijiji vya juu hawapati mtandao mpaka washuke. Kumrudisha fundi sasa ni kurudi nyuma, na mimi ndiye nitakayejieleza kwa Solomoni.

Naomba usinichukie. Ningependa tuelewane.

Evaresta


Sakina
24 Machi 2025

Shikamoo Mzee Mbise,

Naandika nikiwa nyumbani, ofisini nimeshindwa kukaa. Nimekupigia tangu asubuhi, hupatikani.

Catherine amenipigia. Utakuwa unamfahamu, yule mhudumu wa vijiji vya juu kabisa, karibu na msitu. Amesema baada ya kuwekewa toleo jipya kwenye mkutano, alipanda nalo nyumbani, akafungua, na kadi zote za kina mama wake ni tupu. Idadi ipo, anaona mistari, lakini hakuna jina, hakuna tarehe, hakuna chochote. Alidhani ni simu yake imeingia maji, mvua hazijakatika huko. Akaenda kwa mwenzake. Naye vivyo hivyo. Wameshuka kwa miguu mpaka penye mtandao ili wanipigie.

Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliniuliza tu, "Dada Evaresta, sasa nimtafute nani kwanza?"

Yupo mama mmoja anaitwa Brightness, ujauzito wa kwanza. Mara ya mwisho Catherine alimkuta na presha imepanda, akaandika kwenye simu arudiwe mapema. Simu ndiyo humkumbusha, na mara hii haikumkumbusha. Jana amekwenda mwenyewe, akakuta mlango una kufuli. Mume yuko machimboni. Jirani anajua tu kwamba binti amehamia kwa mama yake, na huyo mama si mwenyeji, amepanga huko juu na hawamjui. Brightness alishamwelekeza Catherine pa kumpata, na Catherine aliandika. Kwenye simu.

Nimepekua maandishi yetu tangu aliponipigia. Hakuna hata herufi moja niliyobadilisha. Nilichobadilisha ni fundi tu. Sasa nauliza kile nilichopaswa kuuliza vizuri mwanzoni: yule fundi wako alikuwa anafanya nini ambacho huyu mpya hafanyi? Je, majina yamefutika?

Nijibu hata kwa neno moja.

Evaresta


Moshi
25 Machi 2025

Ndugu Evaresta,

Majina hayajafutika. Soma polepole, kisha fanya kwa mpangilio huu.

Kwanza, waambie wahudumu wote wasiiondoe programu kwenye simu zao, na wasifute chochote. Hilo ndilo la kwanza kabla hujagusa kompyuta. Kila kitu kimo ndani ya simu.

Mafundi wapya wana tabia moja. Wanapojenga, wanazipa sehemu za programu majina mafupi ya kwao, na zile wanazodhani hazitumiki wanazitupa, ili faili liwe dogo. Yule wa zamani hakuwa hivyo mpaka umwagize. Kwa hiyo programu yako mpya inakwenda kwenye kabati ikitafuta jina la mama kwenye droo isiyokuwepo. Kadi ulizoziandikisha wewe mwenyewe ziliandikwa na kusomwa na programu ya fundi huyo huyo, ndiyo maana jaribio lako lilifaulu. Za zamani haizisomi.

Mradi unatunza kila badiliko. Rudi kwenye siku uliyomtoa fundi, mrudishe, jenga naye, kisha weka juu ya iliyopo. Majina yatarudi. Walioandikishwa wiki hizi ndio watakaopotea, lakini hao wana kadi zao za karatasi, wataandikwa upya.

Amri bila sababu haifai. Ulikuwa na haki ya kuambiwa haya tangu mwanzo.

Yoeli Mbise


Moshi
25 Machi 2025

Evaresta mwanangu,

Mimi ni Elinipa, mke wa Mbise, Mama Lydia. Hii naiandika mwenyewe, nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, na yeye hajui. Naomba ibaki kwako.

Barua zote ulizopata kutoka kwake nimeandika mimi. Yeye anasema, mimi nachapa. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nilipostaafu, siwezi kuacha sentensi bila nukta hata nikilazimishwa, na kumbe ndizo zilizokufanya umwone kama mwanasheria. Niliposoma hapo nilitaka kucheka na nikashindwa.

Mume wangu haoni. Ni presha ya macho. Ilianza pembeni, akawa anagonga fremu za milango na kusingizia viatu. Alipoacha kazi alikuwa anasoma kwa kusogeza pua kwenye kioo cha kompyuta. Akawaambia anakwenda kulima kahawa. Kahawa nalima mimi. Barua zako za mwanzo zilikaa kwenye simu yangu kwa sababu kwetu mtandao ni wa kubahatisha, na kwa sababu nilipomsomea, alikaa siku kadhaa kabla ya kuniambia niandike. Sasa tuko hospitali, wanajaribu kuokoa kilichobaki cha jicho moja.

Nilimuuliza kwa nini asiwaambie. Akasema, "Wakijua, kila mstari niliouandika wataanza kuutilia shaka. Huu aliuandika anaona, au alikuwa haoni?"

Kuhusu huyo fundi mnayebishania. Siku alipomweka mle nilikuwa nimekaa naye. Alisema atakayekuja asihitaji kumpigia simu kumuuliza programu hii ilijengwa na nini. Aikute imeambatana na kila inachohitaji, maana yeye hatakuwepo kumwonyesha. Si kwamba hakuwaamini. Alikuwa anaaga.

Kimbia ukamtafute huyo binti.

Elinipa Mbise


Sakina
30 Machi 2025

Shikamoo Mzee Mbise, shikamoo Mama Lydia,

Brightness yupo hai. Naanza na hilo.

Nilimrudisha fundi kama ulivyonielekeza. Nilikaa nikimwangalia anajenga taratibu, na safari hii sikumlaumu. Kisha nikaona kutuma faili hakusaidii, Catherine alishapanda na huko hakuna mtandao. Nikaliweka kwenye simu yangu, nikapanda gari mpaka mwisho wa lami, bodaboda mpaka mahali ambapo dereva aliangalia tope akaniambia, "Dada, mimi naishia hapa." Nikaendelea kwa miguu. Viatu nilivua.

Nilimkuta Catherine nyumbani kwake anaanika nguo jikoni kwa moshi. Nilimpa faili kutoka simu yangu hadi yake, tukaiweka. Akafungua. Sitaisahau sura yake. Alisogeza tu kidole chini, chini, chini, majina yanapita. Halafu akasimama, akachukua koti na begi lake la vipimo.

"Niliandika nyuma ya kanisa dogo, penye mizinga ya nyuki," alisema. "Twende."

Tulimkuta amelala kwenye kochi, mama yake anamkanda miguu kwa maji ya chumvi. Miguu ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani. Alisema kichwa kinamuuma tangu juzi na anaona vimulimuli. Catherine alimfunga kipimo cha presha mkononi, akakitazama, akakifunga tena upya, kisha akamgeukia yule mama na kumwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, tunashuka naye sasa hivi. Nitafutie wanaume na blanketi imara."

Majirani walimbeba wakipokezana, kupitia migombani kwa sababu njia yenyewe ilikuwa mto. Mimi nilibeba begi na mwavuli ambao haukumsaidia mtu. Barabarani tukapata gari la mtu wa maziwa. Njiani Brightness alianza kutetemeka, Catherine akamlaza ubavu, akamshika taya, akawa anamwita jina. Tulifika. Daktari alisema ni kifafa cha mimba, na kwamba tungechelewa zaidi asingekuwa na cha kutuambia. Wamemfanyia upasuaji. Mtoto ni wa kike, mdogo sana, yuko kwenye mashine ya joto. Hawajatuahidi chochote juu yake.

Wahudumu wengine wamerudishiwa majina yao. Nimemweleza Solomoni nini kilitokea na kwamba nilionywa kwa barua nikaendelea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Na mimi nilicheka." Basi.

Ningekutumia picha ya Brightness, lakini acha nikueleze. Ana mwanya, na alipozinduka kitu cha kwanza alichouliza ni nani amefunga kuku.

Naomba Mungu akusimamie huko ulipo.

Evaresta


Mulala
16 Aprili 2025

Evaresta,

Tumerudi nyumbani. Leo nimemwomba Mama Lydia aandike maneno yangu kama ninavyoyasema, asiyanyooshe. Amekubali, ila nukta amekataa kuziacha.

Barua zako za mwanzo zilikuja na picha za kioo cha kompyuta, zimezungushiwa duara jekundu. Hii ya mwisho haina hata moja. Umenielezea mwanya wa binti wa watu ili niuone. Umeandika sentensi fupi, za kusomewa mtu. Kwa hiyo nilimuuliza mke wangu, "Ulimwambia lini?" Akanyamaza. Miaka yote ya ndoa hajawahi kunyamaza hivyo, nikajua.

Sikukasirika. Nilidhani nitakasirika, nikangoja, hasira haikuja. Nilichosikia ni kama mtu aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango, akaambiwa toka tu, tulishakuona.

Jicho moja limekwisha. Lingine naona mwanga na vivuli, mtu akipita mbele ya dirisha najua amepita. Daktari anasema hilo huenda likabaki, nikitumia dawa bila kuruka.

Sasa nikuambie jambo la kazi, maana naona umebadilika ukawa unamheshimu fundi wangu kupita kiasi. Wewe hukukosea kutaka kumbadilisha. Yule amezeeka. Simu mpya zikizidi kuingia, atashindwa kuzijengea, na siku hiyo msipojiandaa mtakwama. Kosa lilikuwa kumtoa na kuacha nafasi wazi, kila mtu aje na wake, leo huyu kesho yule, halafu hakuna anayejua kilichojengwa kimejengwa na nani. Chagua mpya unayemwamini. Mwambie asitupe kitu wala asibadilishe majina ya sehemu zetu. Mjaribu kwenye simu yenye kadi za zamani, si simu tupu. Akifaulu, mfungie ndani ya mradi kama nilivyofanya mimi, ili atakayekuja baada yako amkute. Na baada ya miaka yeye naye amtoe huyo wako, kwa utaratibu huo huo.

Na nikuulize. Mtoto yuko wapi?

Yoeli Mbise


Lemara
12 Mei 2025

Shikamoo Mzee, shikamoo Mama Lydia,

Mtoto ametoka kwenye mashine. Bado mdogo, lakini ananyonya mwenyewe, na wamewaruhusu. Catherine anawapitia kila mara, ingawa simu haijamwagiza. Nilichelewa kuandika kwa sababu nilitaka nije na habari iliyokamilika.

Nimechagua fundi mpya. Nilimwomba Catherine ashuke na simu yake yenye kadi za zamani, nikanakili kila kilichomo kabla ya kuigusa, kisha tukajaribu. Mara ya kwanza kadi zikawa tupu tena. Catherine alinitazama, lakini safari hii nilijua pa kwenda: kulikuwa na sehemu moja niliyosahau kumkataza asiibadilishe jina. Mara ya pili majina yote yakaja. Nimemfungia ndani ya mradi, na pembeni nimeandika kwa Kiswahili cha kawaida kwa nini yupo, nani alianza utaratibu huu, na nini kilitokea alipotolewa. Jina langu nimeliandika hapo pia.

Nina ombi. Kuna sehemu ya kupanga tarehe za kliniki ambayo naiogopa. Imeandikwa vizuri lakini siielewi, na wewe Mzee ndiye unayeijua. Nikija Jumamosi nikaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, utaweza kunifuata?

Evaresta


Mulala
15 Mei 2025

Njoo. Mradi wote uweke kwenye kompyuta yangu, isikae bure. Mama Lydia anauliza kama unakula loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, au Wachaga mnayaogopa.

Yoeli


Mulala
23 Juni 2025

Evaresta mwanangu,

Pole sana kwa msiba wa bibi. Najua uko Kilema, na kwenye matanga mtu hashiki simu. Barua hii utaisoma utakaporudi, wala haina haraka, jambo lenyewe limekwisha. Nataka tu ulisikie kutoka kwangu kabla Baba Lydia hajaanza kulipamba.

Ijumaa Catherine alikuja hapa amelowa. Zahanati imehamisha siku ya kliniki kutoka Alhamisi kwenda Jumanne, na programu bado inawapangia kina mama Alhamisi. Wawili walishashuka na kupanda bure, mmoja karibu anajifungua. Wewe hupatikani, Solomoni yuko safarini, na mnara wa simu wa huku umelala tangu upepo ule. Catherine alikuwa amekuja kuuliza tu afanye nini.

Baba Lydia alikuwa amekaa anakunywa chai. Akasema, "Mama Lydia, washa kompyuta."

Nikamwambia mimi ni mwalimu wa Kiswahili.

"Ndiyo," akasema, "na hiki ni kitu cha kuandika."

Akanielekeza kwa kichwa chake. Fungua hapa, shuka, kuna neno hili, nisomee linalofuata, rudi moja juu. Ni ile sehemu uliyomsomea siku ile, mpaka chakula kikapoa. Tulipofika penye siku ya kliniki nikafuta nikaandika nyingine. Nilichapa herufi moja moja, kama naandika ubaoni mbele ya mkaguzi. Kisha akaniambia mstari mmoja wa kumwita fundi, nikauchapa.

Nikamuuliza, "Na mtandao je? Haupo."

"Hahitaji," akasema. "Yumo humo humo. Evaresta amemweka."

Kompyuta ikaanza kutiririsha maandishi ambayo sikuyaelewa hata kidogo. Catherine akasogea nyuma ya kiti changu. Baba Lydia alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza feni ya ile mashine, inavyovuma na kushuka. Kabla sijamwambia kitu akasema, "Amemaliza." Na kweli alikuwa amemaliza.

Tukaliweka faili kwanza kwenye simu ya Catherine, ile yenye kadi zake za zamani, kama unavyotaka ifanyike. Catherine akaifungua na kuinuka nayo mpaka dirishani. Akageuka, akamwambia, "Mzee, ngoja nikusomee majina uyasikie." Nikaona anataka kumpa zawadi.

Mume wangu akainua mkono. "Hapana," akasema. "Hao wamekuambia wewe mambo yao, hawakuniambia mimi. Niambie tu kama wapo."

Catherine akapitisha kidole mpaka mwisho, bila haraka.

"Wapo, mzee. Wapo wote, na ni Jumanne."

Akaitikia kwa kichwa. Akapapasa meza mpaka akakipata kikombe chake, akaomba chai nyingine, na kumwambia Catherine akae kwanza mvua ipungue.

Mama Lydia